Je, Wajua? Watu wa Zama za Mawe Hawakuogopa Kiazi

WAJUA kwamba mlo wa paleo, ule wa "kula kama mtu wa Zama za Mawe", una umri wa mtu wa makamo tu? Daktari wa tumbo wa Marekani, Walter Voegtlin, alichapisha kitabu chake juu ya mlo huo mwaka 1975. Miaka 10 baadaye, Boyd Eaton na Melvin Konner waliuingiza kwenye mjadala wa kitabibu kwa makala yao katika New England Journal of Medicine. Aliyeutia sokoni hasa ni Loren Cordain wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, kwa kitabu chake cha mwaka 2002, The Paleo Diet.

Masharti yake ni mepesi kuyakariri na magumu kuyatimiza. Nyama, samaki, mayai, mboga, matunda na korosho, ruhusa. Nafaka, maharage na ndugu zake wote wa jamii ya kunde, maziwa, sukari, chumvi na mafuta ya kiwandani, marufuku. Kwa lugha ya jikoni kwetu: ugali nje, wali nje, chapati nje, na chai ya maziwa nayo nje.

Wajua kwamba mlo huo haukuanza kwa kuupiga vita wanga? Eaton na Konner walikadiria kwamba watu wa kale walipata asilimia 45 ya nishati yao kutoka kwenye wanga, 34 kutoka kwenye protini na 21 kutoka kwenye mafuta. Hofu ya wanga imehamia huku kutoka kwenye milo mingine, kama ule wa Robert Atkins wa mwaka 1972, na ule wa keto unaomtaka mtu asipitishe takriban gramu 50 za wanga kwa siku. Watu wakachanganya sufuria mbili, na leo ukitaja paleo, mwenzako anafikiria sahani ya nyama na majani basi.

Wajua nani wanaosomwa sana na watafiti wanaotaka kujua watu wa kale walikula nini? Ni Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Ni jamii ndogo, watu elfu moja na ushee, na baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda na kukusanya. Wanaume hurudi na nyama na asali. Wanawake hutoka na vijiti vilivyochongwa ncha, wakachimba mizizi, na njiani wakachuma matunda pori. Ubuyu nao hutwangwa ukawa unga, mbegu na yote. Nyama ikikosekana, na hukosekana mara nyingi, mizizi ipo. Hicho ndicho chakula chao cha akiba mwaka mzima, na ni wanga.

Na hapa pana jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Mmoja wa mizizi wanayoipenda sana ni wa mmea uitwao kitaalamu Vigna frutescens, ambao ni wa ukoo mmoja na kunde tunazopika nyumbani. Vitabu vya paleo vinakataza jamii ya kunde. Wahadzabe, wanaotolewa mfano na vitabu hivyo hivyo, wanauchimba mzizi wa mmea wa jamii hiyo, wanaubabua motoni dakika chache, wanatafuna na kutema makapi.

Asali pia. Utafiti uliopima vyakula vinavyoletwa kambini uliona kwamba karibu asilimia 15 ya nishati ya Wahadzabe hutoka kwenye asali. Lakini hawaipati kwa urahisi: huongozwa na ndege maalumu hadi kwenye mzinga, kisha wanapanda mbuyu na kukabiliana na nyuki. Wewe unaifungua chupa mezani. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori 60 na ushee.

Wajua kwamba wanga umeacha alama hata kwenye vinasaba vyetu? Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, kinachoanza kuumeng'enya wanga chakula kikiwa bado mdomoni. Jeni inayokitengeneza inaweza kujirudia mara nyingi kwa mtu mmoja na mara chache kwa mwingine. Mwaka 2007 watafiti walilinganisha jamii zinazokula wanga mwingi na zinazokula kidogo. Wahadzabe, kwa mizizi yao, waliwekwa kundi moja na Wajapani wala wali. Majirani zao Wadatoga, wafugaji wanaotegemea maziwa na nyama, waliwekwa kundi la pili. Wenye nakala sita au zaidi za jeni hiyo walikuwa karibu mara mbili katika kundi la wala wanga. Kwa hiyo swali la "binadamu ameumbwa ale nini" lina majibu tofauti hata ndani ya mkoa mmoja wa Tanzania.

Haraka haraka, kutoka kwenye machimbo ya kale:

Border Cave, Afrika Kusini: mizizi yenye wanga iliyoungua motoni, umri wake takriban miaka 170,000.

Niassa, Msumbiji: mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chembe za wanga wa mtama zimekutwa kwenye zana za mawe za zaidi ya miaka 100,000. Mtama! Nafaka!

Shubayqa, Jordan: makombo ya mkate wa kama miaka 14,400 iliyopita, maelfu ya miaka kabla ya kilimo.

Sasa tuje kwenye mizani, maana wengi ndiko walikokuwa wanasubiri.

Wajua kwa nini anayekata wanga wote hupungua kilo mbili wiki ya kwanza na kushangilia? Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, jumla karibu nusu kilo kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukiacha wanga ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Mafuta ya kitambi bado hayajaguswa sana. Siku atakapokula sahani moja ya wali kwenye harusi, mizani itapanda tena na yeye atalia kwamba wali umemnenepesha. Ni maji yamerudi tu.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Anayetaka kupunguza nusu kilo kwa wiki anahitaji pengo la kalori kama 550 kila siku, liwe limetoka kwenye wanga au kwenye mafuta.

Wajua kwamba hilo limepimwa? Chuo Kikuu cha Stanford kiliwafuatilia watu wazima 609 kwa mwaka mzima. Nusu walipunguza mafuta, nusu walipunguza wanga, na wote waliambiwa wale mboga kwa wingi na waachane na sukari na unga mweupe. Matokeo yalitoka mwaka 2018: kundi la mafuta kidogo lilipungua wastani wa kilo 5.3, la wanga kidogo kilo 6.0. Kitakwimu hakuna tofauti hapo. Ushauri uliotolewa kwa makundi yote mawili, mboga nyingi na kuacha sukari na unga mweupe, ndio uliobeba mzigo kwa maoni yangu.

Na paleo yenyewe? Umeå, Sweden, wanawake 70 wanene waliokoma hedhi walifuatiliwa kwa miaka miwili. Mlo wao wa paleo ulipangwa uwe na wanga asilimia 30 ya nishati, si sifuri. Miezi sita ya mwanzo kundi la paleo lilipoteza mafuta mengi kuliko kundi lililofuata mwongozo wa kawaida wa lishe. Baada ya miaka miwili tofauti ilikuwa imefutika, pengine kwa sababu ni vigumu kuishi miaka miwili katika nchi yenye mkate kila kona na usiuguse.

Wajua chakula kilichoshika namba moja kwa kushibisha? Mwaka 1995, Chuo Kikuu cha Sydney, Susanna Holt na wenzake waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo cha kalori zilezile, kisha wakaangalia nani anashiba kwa muda gani. Mkate mweupe ulipewa alama 100. Viazi mviringo vya kuchemsha vilipata 323, vikapita hata nyama ya ng'ombe na samaki. Kiazi hichohicho ambacho Cordain alikiweka kwenye orodha ya marufuku.

Ila mpishi ana lake. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori kama 87. Viingize kwenye karai la chipsi, vitoke na kalori 300 na zaidi. Kisha tunasema viazi vinanenepesha, na mafuta yamekaa kimya pembeni.

Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, yawe ya alizeti, ya nazi au ya zeituni yaliyotoka mbali kwa bei ya kuruka, kina kalori karibu 120. Korosho gramu 100 zina kama 550. Paleo inaziruhusu, ndiyo. Haijasema ule bakuli zima ukitazama mpira.

Karanga je? Hizo ni jamii ya kunde, kwa hiyo haziruhusiwi.

Wajua kwamba mwili wako wenyewe hutumia wanga mwingi ukiwa umekaa tu? Ubongo wa mtu mzima unahitaji glukosi takriban gramu 120 kwa siku. Ini linaweza kutengeneza kiasi kikubwa cha hiyo, ndiyo maana watu wa keto hawazimii. Hata hivyo taasisi ya tiba ya Marekani iliweka gramu 130 za wanga kwa siku kuwa kiasi kinachopendekezwa. Kwa anayetaka kupungua bila kukaa na kichwa kizito na hasira za kumfokea kila mtu, namba hiyo ni ya maana.

Inaonekanaje kwenye sahani? Asubuhi, viazi vitamu vya kuchemsha gramu 200 na mayai: wanga gramu kama 40. Ndizi mbivu moja ya wastani: 27. Mchana, kipande cha gramu 100 cha gimbi, ambalo Kenya ni nduma, pamoja na samaki wa kuchoma: karibu 35. Mchicha, nyanya, kitunguu na kipande cha papai jioni: tuseme 25. Umefika 127 na hujagusa nafaka. Ukipenda mhogo, pima vizuri, kwa maana gramu 100 zake za kuchemsha zina karibu gramu 38 za wanga.

Soda ya chupa ya mililita 300 ina sukari zaidi ya gramu 30. Yaani imekula robo ya hesabu yako na haijakushibisha hata kidogo.

Wajua kwamba kiporo kina faida? Kiazi au ndizi mbichi iliyopikwa ikapoa, sehemu ya wanga wake hubadilika ukawa mgumu kumeng'enywa. Unapita hadi kwenye utumbo mpana na kulisha bakteria wenye manufaa. Usitarajie muujiza wa mizani kwa hilo, lakini usikitupe.

Wajua kwamba mhogo na viazi vitamu si vya asili yetu? Vyote viwili vilitoka bara la Amerika, na mhogo uliletwa Afrika na Wareno karne ya 16. Mtu wa kale wa Afrika Mashariki hakuwahi kuvionja. Sukuma wiki nayo, pamoja na kabichi na brokoli, zote ni mmea wa aina moja uliobadilishwa na wakulima kwa vizazi vingi. Anayetaka kula kama mtu wa Zama za Mawe kwa uaminifu kamili atapata tabu sokoni.

Wajua kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea? Daktari Msweden Staffan Lindeberg aliwapima wakazi wake na hakukuta dalili za kiharusi wala ugonjwa wa moyo, na unene ulikuwa nadra. Walikula viazi vikuu, viazi vitamu, magimbi, matunda, nazi na samaki. Wanga ulikuwa karibu asilimia 70 ya nishati yao. Okinawa, Japani, mwaka 1949: viazi vitamu pekee vilitoa asilimia 69 ya kalori, na watu wa kisiwa hicho wakasifika duniani kwa kuishi miaka mingi.

Wajua kwamba kutembea sana peke yake hakutoshi? Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walipima nishati wanayotumia Wahadzabe. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku, wanawake 5.8. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, jumla ya nishati waliyotumia haikutofautiana na ya Wamarekani wanaokaa ofisini. Tembea kwa ajili ya moyo wako na usingizi wako. Kitambi kinaamuliwa zaidi jikoni.

Jikoni gani? Mwaka 2019, Kevin Hall wa Marekani aliwaweka watu 20 kwenye kituo cha utafiti. Wiki mbili walipewa vyakula vya kiwandani, wiki mbili vyakula halisi, wale watakavyo. Kwenye vya kiwandani walikula kalori 500 zaidi kila siku na kuongezeka kilo 0.9, kwenye halisi walipungua kilo 0.9. Hapo ndipo ninapoona nguvu ya paleo ilipo: inakutoa kwenye biskuti.

Inayo pia mapengo. Ukiacha maziwa, kalisi inapungua, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni msaada mkubwa. Ukiacha chumvi ya dukani, unaacha pia madini joto yaliyotiwa humo. Utafiti wa Sweden uliona upungufu wake kwa wanawake waliofuata mlo huu. Samaki wa baharini wanayo.

Na kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usipunguze wanga hata nusu sahani kabla ya kuonana na daktari wako. Dozi iliyopangwa kwa ugali wa jana inaweza kukuangusha kwa kiazi kimoja cha leo.