Uhuru Ulioachwa na Mwanya
Tangazo la Rais Abraham Lincoln la Januari 1, 1863 liliwapa uhuru watumwa wa majimbo yaliyoasi tu, na utumwa haukuharamishwa Marekani nzima hadi Desemba 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimekwisha, kwa Marekebisho ya 13 ya Katiba, ambayo hata hivyo yaliuruhusu uwe adhabu kwa aliyehukumiwa kwa kosa la jinai. Mwanya huo haukuwa mdogo: huko Mississippi, Mweusi aliyekutwa bila kazi halali alihesabiwa mzururaji, yaani mtu asiye na shughuli, akatozwa faini, na aliposhindwa kulipa alikodishwa kwa aliyemlipia, ambaye hakuna kilichomzuia kuwa bwana wake wa zamani. Alabama ilikodisha wafungwa hadi 1928.