Fedha Kichwani

Kwa Kiswahili, madini meupe na pesa vyote ni fedha. Mwanamke wa Kiakha asingehitaji kuelezwa sababu, maana kichwani mwake vitu hivyo viwili havikutengana.

Waakha wanaishi milimani, kuanzia Yunnan nchini China hadi Myanmar, Laos na kaskazini mwa Thailand. Wanawake huvaa koti jeusi la pamba iliyotiwa nili, sketi fupi yenye marinda nyuma na vitambaa vya kufunika miundi. Lakini macho yako hayatabaki huko chini. Yatapanda kwenye kofia: vifundo vya fedha vimepangwa safu kwa safu, ushanga mwekundu unaning'inia mashavuni, manyoya ya kuku yametiwa rangi, na sarafu zinagongana kila anapogeuza shingo. Kati ya sarafu hizo zimo rupia za India ya Waingereza, kila moja gramu 11.66. Rupia hizohizo ndizo zilizonunulia nguo na mchele Zanzibar na Mombasa kabla ya shilingi. Nyingine, nzito zaidi, ni piastra za Indochina ya Wafaransa.

Kofia za makundi mbalimbali ya Waakha hazifanani. Ya Waulo imechongoka juu ya fremu ya mianzi. Ya Waloimi ina bamba pana la fedha lililosimama kisogoni. Ya Waphami hukumbatia kichwa kama helmeti. Mwenyeji humtambua mvaaji angali mbali. Na si kundi lake tu. Msichana huanza na kikofia cha kitambaa, kisha huongezewa pambo baada ya pambo kadiri anavyokua, mpaka avae ya mtu mzima. Kwenye sikukuu ya bembea, mwezi wa Agosti au Septemba, kijiji kizima huona nani amepanda hatua.

Wanaodhani hili ni vazi la sherehe tu wamekosea. Kimila mwanamke hulivaa akilima, akibeba kuni, akisokota pamba huku anatembea, na hata akilala.

Kofia nyingi za zamani zimeuzwa kwa wafanyabiashara wa vitu vya kale, na alumini imeshika nafasi ya fedha. Simlaumu aliyeuza. Akiba huwekwa ili siku ya shida itumike, na shida ilibisha hodi. Kinachoniuma ni kuiona kofia hiyo ndani ya kabati la kioo, ina bei lakini haina jina la binti aliyekua nayo.

Ila kuna pambo ambalo halikuwahi kutegemea sarafu: mbegu nyeupe za nyasi fulani, ngumu kama kauri, zenye umbo la chozi. Kila mbegu ina tundu la kuzaliwa nalo. Mama huivuna, huingiza uzi bila kutoboa, akaishona kwenye koti la bintiye.