Kagua Matundu ya Televisheni Kabla ya Kulipa

Mnunuzi wa televisheni bapa huvutiwa kwanza na bei na ukubwa wa kioo. Hata hivyo, matundu ya kuchomeka waya ndiyo yatakayoamua iwapo vifaa vyake vya nyumbani vitafanya kazi. Orodhesha vifaa ulivyonavyo, kisha ukague yafuatayo dukani:

1. HDMI: Hupitisha picha ang'avu na sauti kwa waya mmoja. Kila kifaa huhitaji tundu lake, hivyo ni vyema yawe mawili au zaidi.

2. AV: Deki na ving'amuzi vya zamani hutumia waya wenye vichwa vya rangi ya njano, nyekundu na nyeupe. Baadhi ya televisheni mpya hazina matundu haya, au zina kitundu kimoja kinachohitaji waya wa ziada. Uliza kama waya huo umo ndani ya boksi.

3. Antena: Kuwepo kwa tundu hili hakutoshi. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012. Televisheni ya analojia pekee huhitaji king'amuzi. Tafuta alama ya DVB-T2. Hata ukiipata, chaneli za kulipia kwa kawaida huhitaji king'amuzi.

4. USB: Husoma picha na muziki kutoka kwenye flashi. Si mahali pa kuunganisha king'amuzi.

Mwombe muuzaji aiwashe televisheni na kuijaribu mbele yako, kisha udai risiti. Kasoro ikionekana baadaye, risiti ndiyo ushahidi wako.