Ukiumwa na nyoka, usipoteze saa za kwanza

Mvua za masika zinapoanza, wakazi wengi wa Kaunti ya Kilifi hushinda shambani wakilima na kupalilia. Nyasi hurefuka karibu na nyumba, na panya huingia ndani kutafuta mahali pakavu. Panya akiingia, nyoka humfuata. Huu ndio wakati wa kukumbushana jinsi ya kujikinga na, zaidi ya yote, la kufanya mtu akiumwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka. Wengine wengi zaidi hubaki na ulemavu wa kudumu. Mwaka 2017, shirika hilo liliweka tatizo hili katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyopuuzwa. Wanaoumia zaidi ni wakulima, wachungaji na watoto wa mashambani.

Nyoka hawindi watu

Nyoka hutafuta panya, vyura, ndege na mayai. Kwake binadamu ni adui mkubwa wa kukimbiwa. Huuma anapokanyagwa, anaposhikwa bila kujua, au anapozibiwa njia ya kutorokea. Wengi huumwa mguuni au mkononi, na wengine huumwa wakijaribu kumuua.

Hawa ndio wa kuchunga zaidi hapa kwetu:

Kifutu, ambaye pia huitwa bafe, ni mnene na mfupi, na rangi yake hufanana na majani makavu. Hakimbii mtu anapokaribia, hutulia tu palepale. Ndiyo maana hukanyagwa kwa urahisi, hasa usiku. Sumu yake huvimbisha kiungo na kuozesha nyama.

Swila ni fira anayetema sumu. Swila mkubwa kuliko wote duniani anaishi katika kaunti yetu. Wanasayansi walimtangaza kuwa aina ya pekee mwaka 2007, wakampa jina la James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken kule Watamu. Huweza kupita urefu wa mita 2.5. Akitishwa huinua kichwa, hutanua shingo na kurusha sumu kuelekea machoni, umbali wa mita 2 au zaidi. Pia huuma, na wakati mwingine huwauma watu waliolala sakafuni.

Koboko, au mamba mweusi, ni mrefu na mwepesi. Sumu yake hushika mishipa ya fahamu: kope hulegea, kumeza huwa shida, kisha pumzi hukatika. Mgonjwa anaweza kufa katika muda wa saa chache. Nduguye wa kijani huishi kwenye miembe na mikorosho, na ni nadra kushuka chini.

Mtu akiumwa

Msogeze mbali na nyoka na mtulize. Mvue pete, bangili, saa na viatu kabla uvimbe haujaanza. Funga kiungo kilichoumwa kwenye ubao au fimbo ili kisitikisike, lakini usikaze. Asitembee. Mbebeni, au tafuteni gari au bodaboda akae katikati ya dereva na mtu wa kumshika. Akitapika, mlaze ubavu.

Mpeleke hospitali moja kwa moja. Mtu mwingine apige simu mbele kuuliza kama dawa ya kupambana na sumu ya nyoka ipo, ili msizunguke. Dawa hiyo hutolewa na wahudumu wa afya pekee, kwa sababu inaweza kuleta mzio mkali unaohitaji kutibiwa papo hapo.

Usichanje jeraha, usifyonze sumu, usifunge kamba ya kukaza, na usitumie umeme wala mafuta ya taa. Kamba inayokaza huzuia damu na inaweza kusababisha mguu kukatwa. Usimfuate nyoka ili umpeleke hospitali. Kumbuka tu rangi na ukubwa wake, au mpige picha ukiwa mbali.

Na jiwe jeusi je? Utafiti kuhusu wakazi wa mashambani Kilifi, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kuwa wengi walioumwa walitafuta tiba ya kienyeji. Wapo waliopona, na hapo ndipo tunapodanganyika. Nyoka wengi hawana sumu ya kudhuru, na hata mwenye sumu wakati mwingine huuma bila kuitoa. Mtu kama huyo angepona hata bila jiwe. Aliyeingiwa na sumu ya koboko hana muda wa kusubiri jiwe lianguke.

Sumu ikiingia machoni

Osha macho mara moja kwa maji mengi safi, kwa dakika 15 au zaidi. Usisugue. Kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua, kwani kidonda cha jicho kisichotibiwa kinaweza kuleta upofu.

Jikinge nyumbani na shambani

Vaa viatu vilivyofunika mguu, buti ikiwezekana. Beba tochi usiku, hata ukienda chooni tu. Fyeka nyasi, ziba mashimo ya ukuta, na weka kuni na matofali mbali na nyumba. Hifadhi mahindi mahali panya hawafiki. Lala kitandani na uchomeke neti chini ya godoro. Tumia fimbo kabla ya kuingiza mkono kwenye kichaka, shimo au rundo la makuti.

Ukimwona nyoka nyumbani, toa watoto nje, mwangalie ukiwa mbali, na umwite mtu aliyefunzwa kumshika au uarifu ofisi ya wanyamapori (KWS) iliyo karibu.

Leo, kabla ya kulala, kubalianeni nyumbani mambo mawili: ni hospitali gani mtakimbilia, na ni nani mwenye gari au bodaboda atakayeitika usiku.