Nani Alipe Karo ya Chuo Kikuu?

Mzazi ambaye mwanawe ameitwa Chuo Kikuu hupata furaha na mashaka siku ile ile. Zamani mashaka hayo yalikuwa madogo. Tangu 1974 Serikali ya Kenya iliwakopesha wanafunzi fedha za chakula na malazi, nayo karo ikalipwa na Hazina. Mwaka 1991 ukaja utaratibu wa kugawana gharama, na 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu.

Mabingwa wa uchumi wangali wanabishana. Wengine husema kwamba si haki mchuma chai, ambaye mwanawe hakuendelea na masomo, atozwe kodi ili amsomeshe mtu atakayepata mshahara mkubwa kuliko wake. Wengine hujibu kwamba mchuma chai huyo ndiye atakayetibiwa na daktari huyo. Mwaka 1955 Mmarekani Milton Friedman alishauri kwamba mwanafunzi apewe fedha, kisha alipe sehemu ya mapato yake akishaanza kazi. Australia ilianza jambo la namna hiyo 1989: asiyefikia kiasi fulani cha mapato hadaiwi. Kwetu mkopo hudaiwa mwaka mmoja baada ya masomo, awe na kazi au hana, na hili naliona kuwa zito.

Mwaka 2023 Kenya ilileta mpango mpya, yaani msaada, mkopo na mchango wa mzazi kwa kadiri ya uwezo wake. Mwaka 2024 yalikuwapo makundi 5. Wa chini kabisa alitakiwa kutoa asilimia 5, wa juu asilimia 40. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango huo unapingana na Katiba, kisha 2025 Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu hiyo.

Lakini uwezo hupimwaje? Mimi ni karani, na mshahara wangu umeandikwa kwenye karatasi hata senti ya mwisho. Jirani yangu mkulima wa kahawa aliniomba nimsaidie kuijaza fomu ya binti yake. Tulipofika penye mapato ya kila mwezi, mzee akanyamaza. Kahawa hulipwa mara chache kwa mwaka, na ng'ombe wake wawili hukauka maziwa wakati wa kiangazi. Mwishowe tulijumlisha fedha za mwaka mzima tukazigawa kwa 12, tukaandika jibu, ingawa hakuna mwezi hata mmoja ambao mzee yule alizishika mkononi fedha kiasi hicho.