Mvuto wa Nyumba Iliyojaa Vikorokoro

Sisi tuliopitia chuo cha kadeti tulifundishwa kwamba chumba safi ni chumba kitupu. Blanketi lilikunjwa pembe nne, viatu vikapangwa mstari mmoja, na picha ya mama ikafichwa ndani ya kabati. Kwa hiyo, ndugu msomaji, hatukuwa wepesi wa kuusifu mtindo ulioenea kwenye intaneti tangu mwaka 2020, hasa Uingereza na Marekani, ambao wafuasi wake huonyeshana kwa fahari vyumba vilivyosheheni: vitabu hadi ngazini, sahani za bibi ukutani, vinyago, mito, mimea, na paka anayetafuta pa kulala.

Kabla ya hapo uliotawala ni ukuta mweupe. Bibi Marie Kondo wa Japani, ambaye kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2014, aliwafunza watu kubakiza vile tu vinavyowapa furaha. Kisha ukaja ugonjwa wa korona, watu wakafungiwa majumbani. Ukuta mtupu humpumzisha arudiye jioni. Anayeutazama tangu alfajiri hadi usiku, siku baada ya siku, humtia upweke. Bibi Kondo mwenyewe, akiwa na watoto watatu, alikiri mwezi Januari 2023 kuwa ameulegeza unadhifu wake.

Wala jambo hili si geni. Huko London ipo nyumba ya Sir John Soane, msanifu majengo aliyefariki mwaka 1837. Ndani yake mna vichwa vya marumaru, vipande vya nguzo, na jeneza la jiwe la Farao Seti wa Kwanza, alilolinunua mwaka 1824 kwa pauni 2,000 baada ya Jumba la Makumbusho la Uingereza kuikataa bei hiyo. Chumba kimoja kidogo kimebeba picha zaidi ya 100, kwa kuwa kuta zake hufunguka kama milango na nyuma yake mna picha nyingine. Mwaka 1833 Bunge lilipitisha sheria kwamba nyumba hiyo ihifadhiwe kama atakavyoiacha. Hata wazee wa Lamu walipojenga zidaka katika kuta za ndani na kupanga humo vyombo vya kaure, hawakuuonea haya wingi.

Hata hivyo, wingi una hatari yake. Mwaka 2013 matabibu wa akili wa Marekani waliuorodhesha ulimbikizaji wa vitu kuwa maradhi yanayojitegemea. Tena wako wanaonunua kikapu kizima cha vikorokoro kwa siku moja ili tu wapigwe picha. Hao wamehamisha duka, hawakupamba nyumba. Kwa maoni yetu kipimo ni kile cha gwarideni: kitu kikiitwa, kiitike. Mwenye nyumba aulizwe kimetoka wapi, naye ataje safari, harusi au msiba.

Sanduku letu la bati tumelitoa uvunguni. Picha ya mama sasa iko sebuleni, na kando yake kuna kibuyu cha marehemu nyanya, chenye ufa, ambacho mkaguzi wetu wa zamani angekitupa nje bila kuuliza.