Ni kweli miti inachafua hewa? Tuelewe ile gazi inaitwa isopreni



Juzi, kisha mukutano, mwenzetu mumoja aliniuliza: "Wewe agronomu, banasema miti nayo inatosha gazi ya kuchafua hewa. Sasa sisi tunapanda ya nini?" Nilimujibu mbio mbio, nikaona jibu halikutosha. Njo maana ninaandika.

Jibu fupi: ni kweli miti inatosha gazi. Lakini peke yake haichafui hewa. Inahitaji mwenzake, na huyo mwenzake ni moshi wetu.

Tuanzie ku jani. Kila mumoja wetu amekwisha kufikicha jani la mkaratusi mu mikono. Mu ile harufu kali kuna terpeni, molekile za kaboni na hidrojeni, njo sababu zinaitwa hidrokaboni. Ziko na ndugu yao mudogo, isopreni: kaboni 5, hidrojeni 8. Ile hatusikii harufu yake mu hewa, lakini njo inatoka mingi kupita zote. Mimea ya dunia nzima inatosha karibu tani milioni 500 kila mwaka, na sehemu kubwa inatoka mu misitu ya joto kama hii yetu. Jani linaitengeneza mchana, jua likiwaka, usiku linaacha. Inalisaidia kuvumilia joto kali. Terpeni nazo ni silaha: muhindi ukikuliwa na viwavi, unatosha harufu yenye kuita manyigu adui wa vile viwavi.

Sasa, ile gazi inaenda wapi? Mu hewa kuna mufagiaji, radikali ya hidroksili: oksijeni 1 na hidrojeni 1 tu. Inazaliwa wakati jua linavunja ozoni, na kipande chake kinakutana na mvuke wa maji. Haimalizi hata sekunde 1 au 2, sababu inarukia karibu kila kitu inakutana nacho. Metani inaweza kumaliza miaka karibu 9 mbele ya kukamatwa. Isopreni, ni saa chache tu. Ikisha kukamatwa, oksijeni ya hewa inajipachika juu yake na tunapata radikali ya peroksi.

Hapo njo njia panda.

Njia ya kwanza: hewa ni safi, kama katikati ya msitu mukubwa. Zile radikali zinamalizana zenyewe kwa zenyewe, ozoni haiongezeki. Zingine zinageuka nzito, zinashikana na kuwa vumbi dogo sana ambalo matone ya mawingu yanaweza kujengwa juu yake. Mwaka 1960, Frits Went alieleza kwamba ule ukungu wa buluu unaonekana juu ya milima yenye miti unatokana na hizo gazi za mimea.

Njia ya pili: mu hewa kuna oksidi za azoti. Zinatoka mu motere za magari, mu moto wa kuchoma pori, na hata mu udongo wenye kuwekwa engre mingi. Hapo radikali ya peroksi inaipatia oksidi ya azoti oksijeni 1. Jua linaivunja tena ile oksijeni, nayo inajiunga na oksijeni ya hewa: ozoni imezaliwa. Oksidi ya azoti inarudi mu kazi, inaanza upya.

Ozoni ya juu kabisa inatukinga na jua. Ya chini hapa inaingia mu vitundu vya jani na kuliunguza kwa ndani. Mumea unatumia nguvu yake kujitengeneza, mavuno yanapunguka. Maharagi na soya ni kati ya mimea yenye kuumia.

Na bahari? Fitoplanktoni, mimea midogo ya baharini, inatosha isopreni kidogo sana kulinganisha na misitu. Kazi yake kubwa ni gazi ingine yenye sulfuri, dimethili sulfidi, ile ya harufu ya bahari. Mufagiaji ni ule ule, lakini mwisho ni asidi ya sulfuri, ambayo inazaa vumbi la mawingu mbali kabisa na moshi wa watu.

Je, tukate miti? Hapana. Kule Atlanta, Marekani, mwaka 1988 watafiti walionyesha kwamba kupunguza hidrokaboni za magari peke yake haitoshi, sababu miti inatosha zingine mingi. Dawa ni kupunguza oksidi za azoti.

Lakini sisi wa kilimo tuangalie mufano wa Sabah, Malaysia. Mu 2008 walipima shamba la ngazi karibu na msitu. Ngazi zilitosha isopreni mingi kupita msitu, na oksidi za azoti zilikuwa juu sababu ya engre na kiwanda. Ozoni ilikuwa ingali karibu sawa pande zote mbili. Wakaonya: oksidi za azoti zikipanda kufika kiasi cha inchi za viwanda, ozoni itapanda sana. Ngazi ni muti wa kwetu, na wengi kati yetu wanaota kuwa na shamba lake. Basi tugawe engre kidogo kidogo kwa wakati wake, na tuache kuchoma kila kiangazi. Moto ule ni hasara ya udongo, na ni kiberiti cha ozoni.

Kwa wanafunzi wenye kutafuta sujet ya memwari: kuna aina mbili za maharagi, S156 yenye kuumia na ozoni na R123 yenye kuvumilia. Zinapandwa pamoja, kisha unalinganisha mavuno. Haiombi mashini ya bei kali. Inaomba jembe, mizani na uvumilivu, na hivyo tuko navyo.